Herufi Mia Tano

Kipengele cha nne, kifungu be:
“Elezeni tatizo. Herufi zisizidi mia tano, nafasi zikiwemo.”

Nafasi zikiwemo!
Hata pumzi kati ya neno na neno inahesabiwa,
nami nahitaji ukurasa mtupu
kueleza anavyonyamaza Anyelwisye
tangu Jumatatu alipoletwa hapa Segerea
na begi lisilo na kitu ila chaja ya simu.
Simu yenyewe walibaki nayo.

Aliahidiwa kazi ya kompyuta, ng’ambo, dola mia nane.
Kompyuta alipewa kweli,
na mlinzi mwenye rungu la umeme,
na orodha ya wajane wa kuwatapeli kabla jua halijazama.
Asipofikisha idadi, hali.

Nafuta. Imezidi kwa herufi tisini na mbili.

Dalali aliyempeleka hakuandika andiko.
Hakuambatanisha hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu
wala barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri unaosomeka.
Alifika Kigogo na noti mfukoni,
akalipia pasipoti, akalipia tiketi,
akamwachia mama mtu laki mbili za matumizi
na hakudai stakabadhi.

“Kwa kila dola elfu, mtaokoa wangapi?”
Pendaeli, mkurugenzi wetu, kavua viatu chini ya meza.
“Andika mmoja na robo.”
“Robo ndiyo nani?”
Akatazama mlango wa chumba cha wavulana.
“Robo ni yeye. Kwa sasa.”

Ruzuku na riziki ni ndugu wa tumbo moja,
ila ruzuku kasoma sana,
haji nyumbani bila kuandikiwa.

Malazi: siku tisini kwa kila mnufaika.
Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe;
mfadhili kawazidi ukarimu.
Lakini ya tisini na moja
hata hilo jembe halimo kwenye bajeti.

Marehemu baba alikuwa akituma mashairi gazetini,
akihesabu mizani kwa vidole juu ya goti.
Usiku huu vidole vyangu vimemkumbuka,
vikajaza kisanduku:

*Mfadhili nakujibu, uliza nami niseme,*
*Waliouzwa karibu, wanawake na waume,*
*Wamerudi na aibu, isiyo yao, ihame,*
*Dawa yetu si ajabu, ni kodi, chai, umeme.*

Herufi zimetosha, na chenji imebaki.
Pendaeli kasoma mara mbili, kapangusa miwani,
kisha akasema, “Futa.”

Mwisho ni saa sita kasoro dakika moja, saa zao;
kwetu itakuwa saa nane kasoro dakika moja.
Luku imebakiza yuniti tatu, inalia kama kifaranga.
Mwantumu kaloweka mchele wa vitumbua vya kesho,
ndivyo vinavyojibu kipengele cha tisa:
“Mradi utaendeleaje ufadhili ukiisha?”

Saa saba na nusu, kiambatisho kinagoma.
Mara ya kwanza. Ya tatu. Ya sita.
Nasikia kandambili nyuma yangu.

Kasimama mlangoni, mbali na kioo,
kama mtu anayepima mbwa ni wa kamba au wa kuachwa.
Hakukaa. Alinyoosha mkono mmoja, kidole kimoja,
akabofya hapa, akabofya pale,
faili likanywea.
“Lilikuwa kubwa mno,” akasema.
Sauti nene. Sikuwa nimeitegemea nene.

Akaenda jikoni kunywa maji.

Likaondoka. “Asante, ombi lenu limepokelewa.”
Nimerudi juu kwenye jedwali la matokeo yanayopimika,
nikatafuta safu ya kuandika lile neno moja, mno.
Jedwali limeshafungwa, halihaririki.

Majibu baada ya miezi sita.
Kodi ni Ijumaa.